Njia nne zinakuja Mbeya: asiyeona atavukaje?

Dereva wa Hiace amesimama kwenye zebra, Mafiati. Muungwana kabisa. Anapiga honi fupi, anapunga mkono, na konda anachomoza kichwa dirishani: "Haya mzee, vuka!" Aliye ukingoni ameshika fimbo nyeupe. Mkono ule haukumfikia. Honi ameisikia, lakini honi mjini Mbeya husema mambo mengi: pita, toka, naja, abiria twende, mambo vipi dereva mwenzangu. Na wazee hapo ukingoni wako wanne. Ndani ya sekunde mbili tatu anatakiwa kujua kama ameitwa yeye, kama magari ya upande wa pili nayo yamesimama, na kama bodaboda anayenguruma nyuma ya Hiace atatulia au atapenya ubavuni. Mara nyingi jibu la busara ni kubaki alipo. Dereva anaona amedharauliwa, anakanyaga mafuta, huyoo.

Hapo hakuna mkorofi hata mmoja. Shida ni kwamba kila kinachokifanya kivuko kiwe kivuko kimeandikwa kwa ajili ya macho: mistari myeupe, kibao cha bluu, mkono wa dereva, watu wawili kutazamana. Ukiyaondoa macho, zebra ni lami kama lami nyingine yoyote. Kazi ya kukifanya kivuko kimfae asiyeona ni kuyahamishia mambo hayo kwenye miguu, masikio na viganja. Kusema hivyo ni rahisi. Ukiingia ndani unakuta kila suluhisho linagusa jingine, na baadhi yanapingana waziwazi.

Kwetu jambo hili lina haraka yake. Barabara kuu ya TANZAM, inayolikata Jiji la Mbeya katikati, iko kwenye mradi wa kupanuliwa kuwa njia nne kwa kilomita 29, kutoka Nsalaga upande wa Uyole hadi Ifisi upande wa Mbalizi. Malori ya Tunduma, daladala, bajaji na mikokoteni ya viazi vinagombea lami hiyo hiyo, na jiji lenye watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022 linaivuka kila siku kwenda sokoni, shuleni na hospitali. Mafinga na Makambako nazo zimekua kando ya barabara hiyo hiyo, na Ipogolo pale Iringa inaijua adha yake. Njia nne zinapunguza foleni, sina ugomvi na hilo. Ila kwa mtu anayevuka kwa masikio, kutoka njia mbili kwenda njia nne ni badiliko la aina nyingine kabisa, na hesabu yake nitaiweka hapa chini.

Anachofanya mtu kabla hajanyanyua mguu

Wengi hudhani asiyeona huvuka kwa kubahatisha, au kwa kushikwa mkono tu. Aliyefundishwa mwendo na mwelekeo ana utaratibu wake. Fimbo ndefu hupepeswa kulia mguu wa kushoto unapotangulia, na kushoto unapotangulia wa kulia, ili mahali mguu utakapotua fimbo iwe imeshapakagua. Mbinu hiyo iliwekwa sawa na Richard Hoover huko Marekani miaka ya 1940, alipokuwa akiwafundisha askari waliopofuka vitani. Fimbo inamweleza mtu kilicho hatua moja au mbili mbele yake. Gari haimwelezi. Kwa hiyo barabarani fimbo na sikio hugawana kazi, na kazi yenyewe ina sehemu kadhaa ambazo anayeona huzimaliza kwa mtupo mmoja wa jicho.

Lazima kwanza apajue mahali pa kuvukia. Kisha ajue njia ya miguu inaishia wapi na barabara inaanzia wapi, kwa sababu kosa la hatua moja hapo ni kosa kubwa. Kisha ajipange, kifua kielekee upande wa pili na si katikati ya makutano. Halafu achague wakati. Akishaingia, aende bila kupinda. Na mwisho ajue kwamba amefika, kabla hajakwaa ukingo au, kwa Mbeya yetu, kabla hajaingia mtaroni. Kivuko kinaweza kumsaidia vizuri katika moja ya hayo na kumtupa katika mengine yote. Kwa sababu hiyo swali la "kipi kiwekwe" halina jibu la kifaa kimoja.

Ukingo: pale walemavu wawili wanapotaka vitu tofauti

Tuanze na ukingo, maana ndipo penye mvutano ninaoupenda kuliko yote katika mada hii.

Zamani ukingo wa zege wenye kimo cha kiganja ulikuwa rafiki wa asiyeona. Fimbo inashuka, mkono unahisi, mtu anasimama. Ukingo huo huo ni ukuta kwa mwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo wasanifu wakaanza kuushusha penye vivuko ili njia ya miguu iteremke taratibu na kukutana na lami bila ngazi. Mwenye kiti akashukuru, mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni akashukuru, hata muuza maji wa toroli. Asiyeona akapoteza alama yake. Anateremka mteremko mdogo ambao, katika mji wa milima kama Mbeya, haujitofautishi na miteremko mingine, na ghafla yuko barabarani bila kujua.

Jibu la mvutano huo lilitoka Japani. Mwaka 1965 Seiichi Miyake alibuni kigae chenye vinundu vinavyohisika chini ya soli, na tarehe 18 Machi 1967 vigae vya kwanza vikatandikwa katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona. Tangu hapo kuna lugha mbili za msingi, na leo kuna hata kiwango cha kimataifa cha ISO kinachozihusu. Vinundu vya mviringo vinasema simama, mbele kuna hatari: ukingo, ngazi, reli. Mistari mirefu iliyoinuka inasema fuata huku. Kimo chake ni milimita 5 hivi, kiasi cha kuhisika bila kumwangusha mtu mwenye viatu vya kisigino.

Vinundu vikitandikwa kwenye mteremko ule ulioshushwa, mwenye kiti anapita na asiyeona anasimama. Lakini viwe na upana wa kutosha. Vikiwa ukanda mwembamba wa sentimita 20, mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida anaweza kuuruka bila kuukanyaga. Sentimita 60 hivi ndicho kipimo kinachotumika sana, kwa sababu mguu hauwezi kuvuka hapo bila kugusa. Na hapa gharama isiwe kisingizio. Kigae cha zege chenye vinundu hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Mafundi wanaofyatua matofali na vigae vya kutandika chini wanaweza kukitoa wakipewa kalibu sahihi.

Kinachoharibu ni kutandika bila kuelewa. Vigae hivi huonekana kama mapambo, na fundi ambaye hakuelezwa huvipanga kwa mapambo: mistari ikaelekea kwenye nguzo ya umeme, vinundu vikawekwa katikati ya njia pasipo na hatari yoyote, au ukanda ukakatika ghafla mbele ya mfuniko wa chemba. Kwa anayeona huo ni uzembe wa kuchekesha. Kwa anayeufuata ni maelekezo ya uongo, na mtu aliyedanganywa na sakafu mara mbili huacha kuiamini hata pale inaposema kweli.

Kuna pia suala ambalo vitabu vya ughaibuni haviligusi sana: mtaro wa wazi. Mvua za Mbeya, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, zinahitaji mitaro mikubwa, na mitaro hiyo imekaa hasa kati ya njia ya miguu na barabara. Kivuko kinachohitaji mtu apite juu ya daraja dogo la zege lenye upana wa mita moja, lisilo na kizuizi pembeni, hakijakamilika hata kama kina vigae vya Japani. Mfuniko wa mtaro, au ukingo mdogo pembeni mwa daraja ambao fimbo inaweza kuugonga, ni sehemu ya kivuko kama zebra yenyewe. Na matope yanayoteremka kutoka vilimani huziba vinundu hadi vinakuwa bapa, kwa hiyo mwenye fagio naye ni mtu wa usalama barabarani.

Kujipanga, na dhambi ya mita moja

Binadamu asiyekuwa na alama ya kuifuata hupinda. Si udhaifu wa wasioona. Mfunge kitambaa yeyote mwenye macho mazima umwambie avuke uwanja wa mpira, utaona. Swali ni kupinda kunamfikisha wapi. Mtu akikosea mwelekeo kwa nyuzi 10 tu, akivuka barabara ya mita 7 atatokea mita 1.2 pembeni mwa alipokusudia, bado ndani ya zebra. Akivuka mita 14 atatokea karibu mita 2.5 pembeni. Hapo anaweza kuwa nje ya mistari, anaelekea makutano, au anatua penye ukingo mrefu na mtaro badala ya mteremko.

Kwa hiyo mwelekeo wa mwanzo ni mali. Njia ya kwanza ya kuulinda ni kujenga kivuko kiikate barabara kwa pembe mraba. Wasanifu hupenda kukilaza kivuko mshazari kufuata kona, kwa sababu kwenye mchoro kinapendeza, lakini asiyeona hana namna ya kujua kwamba safari hii "mbele" iko kidogo kushoto. Vinundu vikipangwa ili ukanda wake uwe sambamba na barabara, mtu anaweza kuupima kwa soli zote mbili na kujua amesimama sawa. Kona zenyewe zikiwa kali badala ya kupindwa kwa duara kubwa, kuna faida mbili kwa mpigo: mwelekeo unasomeka, na gari linalokunja linalazimika kupunguza mwendo.

Penye mataa, sikio nalo husaidia kujipanga. Magari yanayokwenda upande ule ule ambao mtu anauelekea yakiondoka kwa pamoja, anajua mawili: kwamba yanayokatiza mbele yake yamesimamishwa, na kwamba mstari wa mngurumo ule ubavuni ndio mstari wa kuufuata. Mbinu hiyo ni nzuri, ila inadai makutano yenye mpangilio, na inaharibika daladala tatu zikiwasha injini palepale kwenye kivuko zikisubiri kujaa.

Hesabu ya sekunde

Sasa wakati wa kuvuka. Hapa ndipo njia nne zinapobadilisha kila kitu, na naomba msomaji avumilie tarakimu chache.

Chukua mwendo wa mita 1 kwa sekunde, ambao ni wa haki kwa mzee mwenye fimbo. Barabara ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi, kwa hiyo anahitaji sekunde 7. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo spidi ya mijini, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ndani ya sekunde 7 limekata mita 97. Maana yake, ili avuke salama bila kutegemea dereva yeyote asimame, lazima awe na uhakika kwamba hakuna gari ndani ya mita 97 pande zote mbili. Kwa sikio. Asubuhi tulivu, barabara ya pembeni, inawezekana. Karibu na Mwanjelwa saa kumi jioni, spika ya duka la simu ikiimba, wapiga debe wakiita Mbalizi, mvua ikipiga mabati, haiwezekani.

Sasa tandaza njia nne bila kituo katikati: mita 14, sekunde 14, na gari lazima liwe zaidi ya mita 190 mbali. Umbali huo hata anayeona hupima vibaya. Na tumechukulia dereva anatii 50.

Badilisha mambo mawili tuone. Shusha spidi hadi 30 na uvukaji wa mita 7: umbali unaohitajika unashuka hadi mita 58. Weka kisiwa katikati ya njia nne ili mtu avuke njia mbili, apumzike, asikilize upya, avuke mbili nyingine, na umerudisha hesabu ya barabara ndogo, tena rahisi zaidi, kwa sababu sasa magari yanatoka upande mmoja tu kila awamu. Hakuna kifaa cha umeme kinacholeta nafuu kubwa namna hii kwa bei hiyo. Ndiyo maana nitaudhi baadhi ya watu wapenda teknolojia kwa kusema kwamba kwa Mbeya, zege na matuta vitangulie, vinavyolia vifuate.

Kisiwa kina masharti yake. Kiwe na kina cha mita 2 au zaidi, mtu na fimbo yake watoshe, na mwenye kiti asiache magurudumu barabarani. Kiwe na vinundu pande zote mbili, maana asiyeona akifika hapo lazima ajue yuko katikati na si ng'ambo. Akidhani amemaliza, hatua inayofuata ndiyo ya hatari kuliko zote. Na kisipandwe maua ya kumficha mtu mfupi asionwe na dereva wa semi. Hili la maua si utani.

Njia nne zina mtego mwingine ambao kisiwa hakiumalizi. Gari la njia ya nje linasimama kwa adabu. Mtu anaanza kuvuka. Dereva wa njia ya ndani haoni kwa nini mwenzake amesimama, anadhani anashusha abiria, anampita. Anayeona huchungulia kabla ya kutoka mbele ya gari lililosimama. Asiyeona hawezi, na ubaya zaidi ni kwamba injini ya gari lililosimama ndiyo inayofunika sauti ya linalokuja. Dawa mojawapo ni kurudisha nyuma mstari wa kusimamia magari, mita kadhaa kabla ya zebra, ili nafasi ibaki kati ya gari lililosimama na anayevuka. Nyingine ni kuinua kivuko chote kiwe tuta bapa pana, ili dereva apunguze kwa sababu ya gari lake hata kama hajamwona mtu. Angalia tu: kivuko kilichoinuliwa kinakuwa usawa mmoja na njia ya miguu, ukingo unatoweka kabisa, kwa hiyo bila vinundu umemwokoa mtu na kumtega hapo hapo.

Na rasta? Zile mistari za kutetemesha tairi tunazilaani tukiwa ndani ya gari, lakini ukisimama nje ukafumba macho, zinakupa kitu cha thamani. Tairi likizikanyaga linatoa mlio, na kasi ya mlio ni kasi ya gari. Marekani waliwahi kujaribu mistari ya sauti kwenye vipilefti ili asiyeona ajue gari limekuja na limesimama. Ilisaidia kiasi, haikutosha peke yake. Kwetu ambako zimeshakuwepo, ni suala la kuziweka kwa umbali wenye maana kutoka kwenye kivuko, badala ya kuzimwaga popote.

Kipilefti kikijengwa, hali ni ngumu zaidi kwa sikio. Magari hayasimami kwa zamu, yanazunguka mfululizo, na mtu aliye kwenye mdomo wa kutokea hawezi kujua gari linaloguna kulia kwake linatoka au linaendelea na duara. Wahandisi wanakipenda kwa sababu ajali zake huwa na mwendo mdogo, na wana haki. Lakini kipilefti cha njia mbili mbili bila vivuko vilivyoinuliwa au mataa ya waenda kwa miguu ni mahali ambapo asiyeona atazunguka mbali ili asipite.

Mataa yanayosema

Tufike kwenye kile ambacho wengi walitarajia nianze nacho. Mataa ya kisasa ya waenda kwa miguu yana sanduku lenye kitufe ambalo hufanya kazi nne kwa wakati mmoja. Hutoa mlio wa taratibu, kama mara moja kwa sekunde, unaosikika hatua chache tu, kazi yake ikiwa kusema "nguzo iko hapa". Zamu ya kuvuka ikifika, mlio unabadilika kuwa wa haraka, ta-ta-ta-ta. Kitufe chenyewe hutetemeka, na juu yake kuna mshale ulioinuka unaopapaswa, unaoelekea upande wa kuvuka. Mtetemo na mshale ni kwa ajili ya asiyeona ambaye pia hasikii, mtu anayesahaulika hata katika vikao vya watu wenye ulemavu. Uingereza wana kikoni kidogo chini ya sanduku, kinachozunguka taa ikiwa ya kijani. Mtu anakishika tu kimyakimya.

Wasiwasi wa kwanza wa majirani ni kelele. Sanduku zuri husikiliza mazingira na kupandisha sauti yake kidogo tu juu ya kelele iliyopo, kwa hiyo usiku hunong'ona. Wasiwasi wa pili uwe wa mhandisi: nguzo mbili za kona moja zikikaribiana, milio inachanganyika na mtu anavuka kwa ruhusa ya barabara nyingine. Kanuni za Marekani hutaka ziachane kwa mita 3 hivi. Wasiwasi wa tatu ni wa kwetu sote. Umeme ukikatika, sanduku linanyamaza, na ukimya haujielezi. Bila betri au sola, aliyezoea kuutegemea mlio huo anaachwa patupu siku ambayo mataa yote yamezimika na trafiki anaongoza kwa mikono, yaani kwa ishara za macho tena. Trafiki wa namna hiyo akijua tu kutumia filimbi kwa mpangilio na kumwita mtu kwa alichovaa, "baba mwenye koti la kijivu, njoo sasa", amefanya kazi ya kitufe.

Hata miji yenye fedha imechelewa. New York ina makutano zaidi ya 13,000 yenye mataa, na mwaka 2020 mahakama ya shirikisho ilisema jiji hilo limevunja sheria kwa kuacha karibu yote bila sauti. Mwaka uliofuata likaamriwa kuweka vifaa hivyo kwenye maelfu ya makutano ndani ya miaka 10. Chicago nayo ilishindwa kesi ya namna hiyo mwaka 2023. Walijenga kwanza, wakaja kurekebisha kwa amri, kwa gharama kubwa. Sisi makutano yenye mataa kusini huku ni machache. Yanayokuja yanaweza kuja yakiwa yamekamilika.

Kundi kubwa ambalo halina fimbo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona la karibu au la mbali, na walio wengi si vipofu kabisa. Mwenye mtoto wa jicho huona kama kwa ukungu, na taa za gari usiku humtapakaa. Mwenye glakoma anaweza kusoma kibao kilicho mbele yake na asimwone bodaboda anayetokea pembeni. Watu wenye ualbino, ambao Tanzania ina wengi kwa uwiano kuliko nchi nyingi, karibu wote wana uoni hafifu na huteswa na mwanga mkali. Saa sita mchana, lami mpya iliyolowa ikimeremeta, mistari myeupe iliyochakaa kwao haipo.

Hawa hawashiki fimbo, hivyo dereva hajui. Wanachohitaji ni tofauti ya rangi: vigae vya njano kwenye zege la kijivu, rangi ya zebra inayorudiwa kabla malori hayajaifuta, nguzo zenye ukanda unaong'aa, taa ya barabarani juu ya kivuko chenyewe na si mita 30 pembeni. Kwa asubuhi za ukungu wa Mbeya, hata mwenye macho mazima atafaidi.

Nani hasa anahusika

Sheria haijakaa kimya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja barabara kwa jina. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Kinachokwamisha mambo ni mgawanyo wa kazi. TANZAM ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mtaa unaoingia TANZAM ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Meza ya mmachinga iliyokaa juu ya vigae ni ya jiji. Kituo cha daladala kilichosogea hadi kwenye zebra kina LATRA, mdhibiti wa usafiri, ndani yake. Dereva asiyesimama ni wa polisi. Kona moja, milango mitano, na kila mlango utakuelekeza kwa adabu kwenye mwingine.

Mmachinga nisimtupie lawama bure. Anauza pale kwa sababu watu wanapita pale. Kumfukuza hufanya kazi wiki moja. Mchoro unaompa nafasi yake ya mita moja na nusu nyuma ya njia, na kuuacha ukanda wa vigae wazi, unadumu zaidi.

Kwa hiyo nani aulizwe, na lini? Mkandarasi hujenga kilichochorwa. Ukimlalamikia yeye umechelewa hatua moja. Michoro huwa kwa mhandisi mshauri na mwenye mradi, na hapo ndipo Chama cha Wasioona, SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu) na madiwani wa kata zinazopitiwa wanapopaswa kukaa mezani, wakiwa na maswali mahususi: visiwa viko wapi na vina kina gani, mstari wa kusimamia uko mita ngapi, mtaro umefunikwa wapi, mataa yatakuwa na sauti na betri au la. Mchoro wa karatasi haumsaidii asiyeona, kwa hiyo uletwe mfano wa kupapasa, au watu wapelekwe eneo lenyewe. Na eneo likaguliwe jioni, soko likiwa limechangamka na spika zinalia, kwa sababu kivuko kilichopimwa Jumapili asubuhi kimepimwa kwa ajili ya mji mwingine. Hayo yafanyike kabla tabaka la mwisho la lami halijamwagwa. Baada ya hapo kukihamisha kivuko ni kuvunja ukingo, mtaro na kisiwa kwa pamoja.